Mcheza Kwao Hutunzwa; Je, Kwao Pakihama?
Mafunzo niliyopata baada ya kuvua glavu

Kwa miaka mingi nililinda lango la timu ya mtaa wetu hapa Palma, wilaya ya mwisho ya pwani ya Msumbiji kabla hujavuka mto Ruvuma kuingia Tanzania. Sikuwahi kucheza Moçambola, ligi kuu ya nchi yetu, wala picha yangu haijatoka gazetini. Lakini kuanzia Palma hadi Mocímboa da Praia, wapenda mpira waliijua sura yangu, na jina langu la uwanjani, Ukuta, lilitangulia lile nililopewa na wazazi. Tarehe 24 Machi 2021 mji wetu ulishambuliwa, watu wakatawanyika, na timu ikaishia hapo.

Siku hizi natengeneza vyombo vya baharini. Vijana huniuliza nilivukaje kutoka kule kuja huku, na wengi hudhani ipo siku moja nilikaa chini nikaamua. Haikuwa hivyo. Haya ndiyo niliyojifunza, nimeyapanga kwa jinsi ninavyoyaelewa sasa, si kwa jinsi yalivyofuatana.

1. Sifa ya mchezaji haikai mwilini mwake

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, nami nimetunzwa kweli. Nimepewa samaki sokoni bila kulipa kwa sababu jana yake nilizuia penalti. Nimepishwa kisimani kwa sababu hiyohiyo. Ila methali ile haisemi lolote kuhusu siku ambayo huko kwao penyewe panahama.

Vita vya mkoa wetu wa Cabo Delgado vilianzia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Mwaka 2020 mji ule ulitekwa mzima, na mwaka uliofuata ikawa zamu yetu. Katika mkoa, waliokimbia makwao walipita laki 7. Wachezaji wenzangu walitupwa huku na huku: Mueda, Nangade, mji wa Pemba ulio makao makuu ya mkoa, na wengine ng'ambo ya Ruvuma. Watazamaji nao vilevile. Mzee aliyekuwa akikaa nyuma ya goli langu kila mechi akinikosoa, na muuza karanga aliyeisimulia penalti ile kila mwaka ikizidi kuwa kali, kila mmoja alishika njia yake.

Nilipofika Pemba mikono ilikuwa ileile na macho yaleyale, lakini Ukuta hakuwepo. Alikuwa akiishi vinywani mwa watu mia kadhaa waliokaa mji mmoja, na mji ulipovunjika naye akagawanyika vipande. Mchezaji anayeumia goti hupoteza mwili uliomtambulisha. Sisi miili ilisalimika, tukapoteza mashahidi. Ndiyo maana swali letu halikuwa tu la kupata riziki nyingine. Tulihitaji jambo ambalo mtu anaweza kuwa nalo hata pasipo na wa kumshangilia.

2. Wa nyumbani walijua zamani

Tulipokuwa tumepanga chumba kimoja Pemba, jioni moja nilimlalamikia mke wangu kwamba sijijui tena mimi ni nani. Alikuwa anakuna nazi, wala hakuinua kichwa. "Baba Amina," akaniambia, "humu ndani hatujawahi kuwa na golikipa."

Nilinuna kwanza. Baadaye nikaona kaniambia ukweli ambao hakuna kocha aliyewahi kuniambia. Watoto wangu walikuwa na baba anayejua kutengeneza mlango uliolegea bawaba, anayesimulia hadithi za sungura kwa sauti tatu tofauti, na asiyejua kupika hata ugali. Huyo alikuwepo miaka yote, ila hakuwa na nafasi machoni pangu kwa sababu hakuna aliyempigia makofi. Mwanamichezo akitaka kujua yeye ni nani nje ya uwanja, aanze kwa kuwauliza wanaoishi naye. Wao wana orodha.

3. Baba zetu hawakuwa wachezaji tu

Huwa tunaongea kana kwamba mchezaji kuwa na maisha mengine ni fikra mpya kutoka mbali. Katika pwani yetu jambo jipya ni kinyume chake. Marehemu baba alicheza winga, na alikuwa mvuvi, na alikuwa na shamba la mihogo, na usiku wa Maulidi alipiga matari. Mechi ya watu wazima haikuanza mpaka vyombo virudi. Upepo ukiwakawiza wavuvi baharini, watu waliketi chini ya minazi wakangoja. Hakuna aliyemwona mvuvi kuwa mchezaji asiye makini, wala mchezaji kuwa mvuvi mvivu.

Kizazi chetu ndicho kilichoanza kuambiwa chagua kimoja. Gesi iligunduliwa katika bonde la Ruvuma mwaka 2010, na miaka iliyofuata Palma ikajaa wageni, magari na ahadi. Tukaamini kwamba fedha zile zitafika hadi viwanjani, kwamba kutakuwa na timu kubwa, udhamini na mishahara. Wapo vijana walioacha kwenda baharini na wajomba zao ili wawe tayari kwa siku hiyo. Baada ya shambulio la 2021 kampuni ya TotalEnergies ilisimamisha ujenzi wa mradi wa gesi huko Afungi, karibu na Palma, na siku iliyosubiriwa haikuja. Siwalaumu vijana wale kwa kutumaini. Ninachosema ni kwamba mwanamichezo mwenye jambo moja tu hakutoka katika desturi yetu. Alitokana na tumaini la fedha, na tumaini hilo lilikuwa mikononi mwa watu wengine.

4. Mahali usipojulikana pana raha yake

Paquitequete ni mtaa wa kale wa wavuvi, kwenye ncha ya rasi ya Pemba. Ufuko wake ndio uliopokea vyombo vilivyojaa watu waliokimbia kutoka kaskazini mwaka 2020. Mjomba wangu, kaka yake mama, anakaa pale tangu ujana wake na ni fundi wa mashua. Kwetu sisi mjomba akikwambia kesho uje ufukweni, huulizi kuna nini.

Siku za mwanzo nilijisikia mnyonge. Nilipita katikati ya watu na hakuna aliyegeuka. Kadiri siku zilivyosonga nikaanza kugundua unafuu nisioutarajia. Nilipokuwa Ukuta nilitakiwa kupenda vitu fulani: kubishana kuhusu Simba na Yanga mpaka usiku, kucheka kwa sauti, kuwa wa kwanza kutoa maoni kila penye mpira. Paquitequete hakuna aliyetaka hayo kutoka kwangu, na nikajikuta siyatamani. Nilipenda kukaa kimya nikatazama mtu anavyochonga.

Kumbe ukimya ule haukuwa mgeni. Golikipa hutumia sehemu kubwa ya mechi akiwa peke yake, akitazama tu. Watu hukumbuka anaporuka, na mwenyewe nikaja kuamini kwamba kuruka ndiko nilikokupenda. Nadhani nilichokipenda zaidi ni zile dakika ndefu ambazo hakuna aliyekuwa ananiangalia.

Kwa hiyo namshauri mwanamichezo anayetafuta jambo jingine alijaribu kwanza mahali ambapo jina lake halijafika. Pale mjini kwake, akishika tezo, watu watasema golikipa anajaribu useremala, na hata akikosea watamsifu. Mahali pengine atajua haraka kama anaipenda kazi yenyewe.

5. Kubali kufundishwa na watoto

Mjomba hakunipa tezo. Alinipa pamba. Maungio ya mbao za chombo huzibwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta, inayosokotwa na kupigiliwa ndani kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Hiyo ndiyo kutia kalafati, na ndiyo inayozuia maji. Ukiigonga kwa nguvu ndogo itachomoka chombo kikianza kuyumba. Ukizidisha utaachanisha mbao. Aliyenifundisha kipimo chake ni kijana wa miaka kumi na sita hivi, mjukuu wa jirani, ambaye alinisahihisha mbele za watu bila haya. "Kaka, sikiliza mlio," aliniambia. "Ukibadilika, acha."

Nilikuwa nimezoea kuwa mtu anayewaelekeza wengine. Golikipa ndiye anayeona uwanja wote, na kupaza sauti ni sehemu ya kazi. Kurudi kuwa mtu asiyejua kitu, katika umri wangu, kuliniuma kuliko kazi yenyewe. Lakini kuna kitu ambacho mwanamichezo anacho na wengi hawana, nacho ni mazoea ya kurudia jambo lilelile asubuhi baada ya asubuhi bila kuona tofauti. Sikulazimika kujifunza uvumilivu huo, nilikuja nao. Kilichobaki kilikuwa kumwambia kijana yule, kwa moyo mweupe, nionyeshe tena.

Baada ya kalafati nikaingia kwenye mataruma, zile mbavu za chombo. Mjomba hachori ramani. Huulaza mkuku, akausimamisha mti wa omo na wa tezi, kisha yote yanayofuata huyapima kwa jicho. Taruma zuri halipindwi kwa nguvu. Hutafutwa tawi lililojipinda lenyewe mtini, na fundi huenda porini akiwa ameshaubeba mpindo huo kichwani. Siku niliyoliona tawi kabla yake, nikamwonyesha kidole na yeye akaitikia kwa kichwa tu, nilifurahi kwa namna ambayo hakuna mechi iliyowahi kunipa. Hapakuwa na mtu mwingine.

6. Jiulize ulipenda nini kabla hujasifiwa

Msumbiji yote inamjua Maria de Lurdes Mutola. Alizaliwa Maputo mwaka 1972, enzi hizo mji ukiitwa Lourenço Marques, na mchezo wake wa kwanza ulikuwa kandanda. Akiwa binti mdogo alicheza na wavulana, na akawashinda vya kutosha hata wapinzani wakalalamika. Aliyemshawishi ajaribu kukimbia ni José Craveirinha, mshairi mkubwa wa nchi yetu. Matokeo yake yanajulikana: Olimpiki sita mfululizo kuanzia Seoul 1988 hadi Beijing 2008, na mwaka 2000 huko Sydney, dhahabu ya mita 800, ya kwanza ya Olimpiki kwa Msumbiji.

Wengi husimulia habari hii na kuishia kwenye dhahabu. Mimi huvutiwa na pande zake mbili za pembeni. Kwanza, baada ya kustaafu mbio Mutola alirudi kwenye kandanda, na Michezo ya Afrika ilipofanyika Maputo mwaka 2011 alikuwa nahodha wa timu ya taifa ya wanawake. Miaka ishirini ya medali haikumsahaulisha mpira aliouanza mtaani. Pili, mtu aliyemwona hakuwa kocha wa kuajiriwa. Craveirinha, mwandishi wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Camões, mwaka 1991, alikuwa pia mwandishi wa habari za michezo na mpenzi wa riadha. Mshairi huyo alijua kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na zaidi ya kipaji kimoja, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa hivyo.

Nikajiuliza swali lilelile. Kabla sijaitwa Ukuta, nilipenda nini? Nilikumbuka kwamba nikiwa mtoto nilitengeneza vyombo vidogo kwa vifuu vya nazi na magome, nikavishindanisha na wenzangu kwenye maji yanapokupwa. Mama aliviweka dirishani. Mpira ulipoanza kuniletea sifa, vile vyombo viliachwa, na hakuna aliyevikataza. Havikuwa na watazamaji, basi.

7. Kalenda si yako

Upande wa pili wa Ruvuma yupo Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alikimbia mita 1500 akiongoza tangu mwanzo, akamshinda John Walker wa New Zealand na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Dunia ikasubiri wawili hao wakutane tena Olimpiki ya Montreal 1976. Hawakukutana. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia michezo ile kupinga New Zealand kushiriki, baada ya timu yake ya raga kuzuru Afrika Kusini ya makaburu. Walker akachukua dhahabu. Bayi alipata fedha Moscow mwaka 1980, katika mbio za kuruka viunzi na maji za mita 3000.

Kususia kule kulikuwa na sababu ya haki, nami siipingi. Ninalotaka kijana alione ni kwamba miaka bora ya mwanamichezo ni michache, na inaweza kuchukuliwa na siasa, vita, au kimbunga kama kile cha Kenneth kilichoipiga Cabo Delgado Aprili 2019. Bayi alikuwa mwanajeshi wakati anakimbia, na baadaye yeye na mkewe walianzisha shule, Kimara na kisha Kibaha. Leo wapo watu wazima Tanzania ambao kwao jina lile, kabla ya mbio, ni jina la shule waliyosoma. Hakungoja miguu ichoke ndipo aanze kuwa mtu mwingine.

8. Si kila unachokipenda kiwe na bei

Ninapozungumza haya, wengi hudhani nawaambia watafute kazi ya pili. Kazi ni muhimu, watoto lazima wale. Ila jambo lililonisaidia zaidi kupumua Pemba halijaniingizia hata metikali moja.

Jirani yetu mmoja, mzee wa makamo, alikuwa na karatasi kuukuu za babu yake zenye hesabu za chombo, zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Herufi hizo nilizijua tangu chuoni, nilipofundishwa Kurani, lakini sikuwahi kuzitumia kusoma lugha yangu mwenyewe. Tulikaa barazani baada ya sala ya alasiri tukizichambua: magunia mangapi, deni la nani, chombo kiling'oa nanga pepo gani. Nikaja kujua kwamba katika karne ya 19 watawala na mashehe wa pwani hii waliwaandikia maofisa wa Kireno barua za namna hiyohiyo, na kwamba nyingi zimehifadhiwa Maputo, katika Hifadhi ya Historia ya Msumbiji.

Sijawa mwanahistoria. Nasoma polepole na maneno mengine yananishinda. Lakini kwa mtu aliyefukuzwa mjini kwake kwa bunduki, kuona mkono wa mtu wa pwani yake ukihesabu magunia kwa utulivu, miaka mingi kabla ya gesi na kabla ya vita, kulinipa mahali pa kusimama. Wanamichezo tumezoeshwa kupima kila kitu kwa ushindi. Ni vizuri kuwa na jambo moja ambalo hakuna anayelihesabia magoli.

9. Usiufukuze mpira

Wapo wenzangu ambao walipoanza maisha mapya hawakutaka hata kusikia filimbi ya refa. Nawaelewa. Mmoja, beki wetu wa kati, sasa ni fundi cherehani Mueda na kazi yake inasifiwa. Nilipompigia simu nikataja mechi ya zamani, alibadilisha mazungumzo. Kila mtu huomboleza kwa njia yake, na miongoni mwa waliokaa katika timu yetu wapo ambao hatujui walipo.

Upande wangu, tuliporudi Palma pamoja na familia nyingine baada ya mji kutulia, nilirudi uwanjani pia. Sisimami tena golini siku za mechi. Nafundisha makipa wadogo jioni, kisha naenda kuzima moto wa lami ufukweni. Sasa mpira ni chumba kimoja katika nyumba yangu. Zamani ulikuwa nyumba yote, na ndiyo maana ulipobomoka nililala nje.

10. Anza leo, ungali unacheza

Timu mpya tuliyoiunda baada ya kurudi Palma ina daftari la usajili. Pamoja na jina, umri na namba anayocheza, tumeongeza swali moja: unajifunza nini, na unajifunza kwa nani? Si lazima iwe kazi ya fedha. Mmoja anajifunza kushona nyavu kwa baba yake mkubwa. Mwingine anasoma Kireno ili aweze kuingia sekondari bila kuhangaika. Mlinzi wetu wa kushoto anajifunza kunyoa. Kuna mmoja aliyejibu kwamba hajifunzi chochote, anataka mpira tu. Hatukumkataza kucheza. Tulimwandika, tukaacha nafasi tupu mbele ya jina lake, na kila mwanzo wa mwezi tunamuuliza tena.

Wapo wazazi waliolipenda jambo hili na kocha mmoja aliyelinung'unikia. Hoja yake ina uzito: mchezaji anayekwenda baharini Alhamisi hukosa mazoezi, na timu inayokosa mazoezi hufungwa. Tulibishana siku kadhaa. Mwishowe tulikubaliana kwamba kurekebisha saa za mazoezi ni rahisi kuliko kuja kumrekebisha mtu miaka kumi baadaye. Sasa Alhamisi filimbi hailii mpaka vyombo virudi. Msimu uliopita tulifungwa mechi kadhaa ambazo pengine tungeshinda, na vijana wote bado wapo.